Wajibu wa Mtafiti katika Enzi ya Kompyuta: Funzo la Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kutazama kihistoria suala ambalo sisi wataalamu wa lugha tumewaachia kwa muda mrefu wanasheria na mafundi wa kompyuta. Suala lenyewe ni wajibu wa mtafiti, na wa mchapishaji wa utafiti, kwa watu ambao maneno yao, sauti zao na hata alama za miili yao hukusanywa ili zitumiwe na mashine. Tumeichagua mitaa ya Eastlands ya Nairobi kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko wataalamu wengi wanakokubaliana kwamba Sheng ilistawi, na Sheng sasa inatafutwa na wale wanaounda programu za kutambua usemi na za kuchuja maandishi. Pili, wakazi wa mitaa hiyo wana historia ndefu ya kuandikwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja wameandikwa na serikali, kisha na wataalamu, na hatimaye na makampuni.

Hatusemi kwamba kukusanya ni kosa. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na lugha ni mali. Tunachojaribu kuonyesha ni kwamba madhara yalizuka kila mara pale ambapo mwenye kuandikwa alinyimwa nafasi ya kueleza kilichoandikwa kina maana gani, na nafasi ya kuamua kitatumiwa kwa kazi gani. Kompyuta haikuleta tatizo hili, ilililikuta. Lakini imeliongezea kasi na upana, kwa kuwa neno likishaingia katika mkusanyo wa data hunakiliwa mara nyingi, na kila nakala huchukua pamoja nayo jina ambalo neno hilo lilipewa mara ya kwanza.

2. Daftari la kwanza: kipande

Majina ya mitaa ya Eastlands yenyewe ni kumbukumbu. Kariokor latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika mjini, na humo Waislamu wa makabila mbalimbali waliishi pamoja wakitumia Kiswahili. Mbotela na Ofafa iliitwa kwa majina ya Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Makongeni na Muthurwa ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Baada ya Uhuru ikaongezeka Buruburu, Umoja na Dandora, ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970.

Mtu aliyeingia mitaa ya kwanza miongoni mwa hiyo aliingia akiwa tayari ameandikwa. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita katika miaka ya 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande. Karatasi hiyo ilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Aghalabu ilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi angeweza kutafutwa na kushtakiwa, kwa maana nakala ya alama zake ilibaki Nairobi.

Tukikitazama kipande kama maandishi, tunaona kwamba kilimhusu mtu mmoja lakini mtu huyo hakuandika ndani yake hata neno moja. Wengi hawakuweza kukisoma. Mwandishi alikuwa karani, msomaji alikuwa polisi au mwajiri, na mwenyewe alikuwa mbebaji tu. Ndiyo sababu kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya Harry Thuku na wenzake, na watu walipokusanyika Nairobi tarehe 16 Machi 1922 kudai Thuku aachiliwe, wengi walipigwa risasi na kufa. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Hata hivyo neno halikufa. Hadi leo wako Wakenya wanaokiita kitambulisho chao cha taifa kipande, na kwa kufanya hivyo lugha imehifadhi kumbukumbu ambayo sheria ilitaka kuifuta.

Miaka saba baadaye mitaa hiyo ilishuhudia namna nyingine ya kuainisha watu. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakazi wa asili ya Kikuyu, Embu na Meru walitolewa majumbani wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani. Mwenye gunia akitikisa kichwa, aliyepita mbele yake alitengwa, na maelfu walipelekwa vizuizini. Tunalitaja tukio hili kwa sababu lina umbo tutakalolikuta tena: mtu asiyeonekana anatoa alama juu ya mtu anayeonekana, na aliyetiwa alama hana pa kuuliza imetoka wapi.

3. Daftari la pili: Sheng na wataalamu wake

Chanzo cha Sheng bado kina mjadala. Ken Osinde, katika tasnifu yake ya shahada ya kwanza iliyoandikwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na baadaye pamoja na Mohamed Abdulaziz katika makala ya mwaka 1997, aliieleza kuwa ilitokana na maisha ya mitaa ya Eastlands katika miaka ya 1970. Familia za lugha mbalimbali ziliishi katika vyumba vichache, watoto wakashinda nje, na huko nje wakaunganisha Kiswahili cha mtaa, Kiingereza cha shule na lugha za wazazi. Alamin Mazrui, katika makala yake ya mwaka 1995, alirudi nyuma zaidi na kuonyesha kuwa misimu ya aina hiyo ilikuwako Nairobi tangu miaka ya 1930. Chege Githiora, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, ameieleza kuwa namna ya Kiswahili cha Kenya iliyokwisha kuvuka mipaka ya rika na ya mtaa.

Hatuna nia ya kuuamua mjadala huo hapa. Kinachotuhusu ni jinsi Sheng ilivyopewa sifa kabla ya kupewa maelezo. Kwa miaka mingi walimu na waandishi wa magazeti waliilaumu kwa kudhoofisha Kiswahili sanifu. Wachache walisimama upande wa pili. Katama Mkangi, mwandishi wa riwaya ya Ukiwa, aliitetea gazetini mwaka 1985 akiiona kuwa bendera ya utamaduni wa watu. Lakini sauti ya lawama ndiyo iliyosikika zaidi, nayo iliingia hata katika kazi za kitaalamu. Mwaka 2003 ilitoka Dar es Salaam, chini ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga. Ni kazi yenye manufaa, na kila anayechunguza Sheng ana deni kwayo. Hata hivyo kichwa chake kidogo kiliitaja Sheng kuwa lugha ya ulimwengu wa kihalifu wa Afrika ya Mashariki.

Mtu anaweza kusema kwamba kichwa cha kitabu ni kivutio tu cha wanunuzi. Sisi hatuoni hivyo. Kijana wa Jericho au wa Kayole aliyetoa neno kwa mkusanyaji hakulitoa kama ushahidi wa jinai. Alilitoa kama neno analotumia na rafiki zake, pengine na mama yake, akiwa dukani au ndani ya matatu. Kichwa kile kililihamisha neno kutoka mezani kwake na kulipeleka katika faili nyingine. Katika mji ambao polisi wamezoea kumtambua mshukiwa kwa mavazi yake, kwa mtaa wake na kwa namna anavyosema, uhamisho huo si jambo dogo.

Tuchukue neno jirongo, lililotumika kwa noti ya shilingi 500. Neno hili lilizuka wakati wa uchaguzi wa mwaka 1992, noti hizo zilipoanza kuonekana kwa wingi, nalo latokana na jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana lililompigia kampeni Rais Moi. Anayeliorodhesha kuwa "neno la wahuni lenye maana ya fedha" amepoteza historia nzima. Ndani ya neno moja wakazi wa mitaa walihifadhi hukumu yao juu ya namna siasa ilivyoendeshwa mwaka ule. Ili kulifafanua ipasavyo, mwenye kamusi anahitaji mwaka, mtaa na maelezo ya msemaji, wala si tafsiri tu.

4. Majina ya pwani na kimya cha mitaa

Hapa inafaa tulinganishe na jadi ya zamani ya uchunguzi wa Kiswahili, ambayo si safi lakini ina funzo. Mmisionari W. E. Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka huko Mombasa katika karne ya 19, alisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na jina la Mwalimu Sikujua limebaki katika historia ya fasihi yetu pamoja na la Taylor. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma aliwanakilia tenzi na barua wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Alilipwa kwa kazi yake, na hati zake zinatambulikana kwa mkono wake. Mahusiano hayo yalikuwa ya enzi ya ukoloni na hayakuwa ya usawa. Mzungu ndiye aliyechapisha na ndiye aliyepata cheo. Lakini walau tunajua nani alisema nini, na msomaji wa leo anaweza kumhoji Kijuma kama mwandishi.

Wasemaji wa Sheng waliotoa maneno yao katika Eastlands wamekuwa aghalabu "watoa habari", "vijana", au herufi na nambari. Ziko sababu njema za kuficha majina, na hatuzipuuzi. Mtu anayeeleza msamiati wa bangi au wa polisi anaweza kudhurika akijulikana. Lakini kuficha jina kwa ajili ya usalama ni jambo moja, na kutoliuliza kabisa ni jambo jingine. Tofauti kati ya Kijuma na kijana wa Kaloleni haikutokana na hatari peke yake. Ilitokana pia na imani kwamba mmoja ana elimu na mwingine ana tabia. Mmoja ni mjuzi, mwingine ni mfano.

5. Daftari la tatu: kompyuta

Kiswahili kiliingia katika kompyuta mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya kuunda programu ya kuchanganua Kiswahili, na baadaye hazina ya matini ya Helsinki ikafikia maneno yapatayo milioni 25. Matini hayo yalitoka hasa katika magazeti na vitabu, yaani katika lugha iliyokwisha kuchapishwa na yenye waandishi wanaojulikana. Msemaji wa mtaani hakuguswa sana na kazi hiyo.

Mambo yalibadilika wakati mashine zilipohitaji sauti na mazungumzo. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ulianza kukazania Kiswahili, watu wakialikwa kusoma sentensi kwa sauti na kuzitoa bure. Sauti hizo ziliwekwa mikononi mwa umma kabisa, hata kampuni kubwa ya kibiashara ikaweza kuzitumia bila malipo na bila kumtaja mtu. Wakati huo huo watafiti wa vyuo vya Kenya, wakiongozwa kutoka Maseno, walikusanya hazina iitwayo Kencorpus ya Kiswahili, Kiluo na Kiluhya, yenye matini ya maneno milioni 5.6 na saa 177 za usemi. Kazi hii ya pili inatuonyesha kuwa wenyeji wanaweza kushika kalamu wenyewe. Lakini swali la maana ya ridhaa halijaisha, maana si kila anayetia sahihi fomu anaelewa kwamba sauti iliyokwisha kunakiliwa na watu elfu haiwezi kurudishwa.

Upande wa maandishi una historia yake. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kundi la Wakenya liliunda programu ya Ushahidi, iliyopokea habari za matukio na kuziweka kwenye ramani. Uchaguzi wa mwaka 2013 ulipokaribia, Ushahidi pamoja na kituo cha iHub waliendesha mradi wa Umati wa kufuatilia maneno ya hatari katika mitandao, katika Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha nyingine kadhaa. Jambo la kusifiwa katika Umati ni kuwa usomaji ulifanywa hasa na watu wanaozijua lugha hizo, kwa kufahamu kwamba ukali wa neno hutegemea nani amelisema, kwa nani, na wakati gani. Baadaye watafiti wa Nairobi, Edward Ombui na wenzake, walichapisha uchunguzi wa kuifundisha mashine itambue maneno ya chuki katika jumbe za Twitter zinazochanganya lugha.

Yafaa tueleze jinsi kazi ya namna hii inavyofanyika kwa kawaida, kwa kuwa maadili yamo ndani ya ufundi wenyewe. Kila ujumbe husomwa na watu watatu au zaidi, na kila mmoja huutia alama: chuki, matusi, au si neno baya. Wakihitilafiana, hukubaliwa alama ya walio wengi. Sasa tuseme wasomaji wawili wamekulia mbali na mitaa, na mmoja amekulia Dandora. Wawili wanasema ni matusi. Wa tatu anajua kuwa ni utani wa marafiki. Hesabu inampa ushindi asiyejua. Mashine hujifunza kosa hilo kama kweli, kisha huwanyamazisha vijana wa mtaa kwa kutumia ushahidi uliotoka midomoni mwao wenyewe. Mtia alama hajulikani, na aliyetiwa alama hana pa kuuliza.

Kwamba hofu hii si ya kubuni twaweza kuiona katika mambo ya mwaka 2022. Mwezi Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na ndani yake likawamo neno hatupangwingwi, pamoja na maneno kama madoadoa. Madoadoa lilikuwa na historia ya kumwaga damu katika Bonde la Ufa, na kuorodheshwa kwake kulieleweka. Hatupangwingwi lilikuwa na nasaba tofauti. Limejengwa juu ya kitenzi kupanga katika hali ya kutendwa, kisha likarefushwa mwishoni kwa mchezo wa sauti, na lilienea kutokana na wimbo wa vijana wa mwaka 2021 kabla ya kuchukuliwa na wanasiasa. Maana yake haikuzidi kusema kwamba hatukubali kuamuliwa mambo yetu. Jambo hilo lilifika Mahakama Kuu mwaka huo huo. Orodha za namna hii ndizo malighafi ya programu za kuchuja maandishi. Tume inaweza kushtakiwa na orodha yake kujadiliwa hadharani. Programu ikishaimeza orodha, ni vigumu hata kujua kwamba neno limo.

6. Wanaofanya kazi ndani ya mashine

Hadi hapa tumewazungumzia waliotoa maneno. Wako pia waliolipwa kuyasoma. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilifichua kwamba kampuni ya OpenAI ilikuwa imepeleka Nairobi, kwa kampuni ya Sama, kazi ya kutia alama maandishi ya ukatili na ya unajisi ili mashine ijifunze kuyaepuka. Kwa mujibu wa habari hiyo, waliofanya kazi walipata kiasi cha dola 1.32 hadi 2 kwa saa. Sama ilipinga baadhi ya maelezo, lakini iliukatiza mkataba huo mwezi Februari 2022, kabla ya muda wake. Mwezi Mei 2022, Daniel Motaung, aliyekuwa mkaguzi wa maandishi ya Facebook, aliishtaki Meta na Sama mjini Nairobi. Wengine zaidi ya 180 walifuata mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa Meta yaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Mtaalamu wa lugha asidhani kuwa haya ni mambo ya vyama vya wafanyakazi tu. Kazi waliyoifanya watu hao ni ya semantiki na pragmatiki: kusoma tungo, kupima nia ya msemaji na kuipa jina. Ingefanywa chuoni ingeitwa utafiti, na aliyeifanya angetajwa. Ilipofanywa ghorofani kwa saa tisa kwa siku, iliitwa huduma, na dunia iliisifu mashine.

Katika mwaka huo huo wa 2023 ulirudi mtindo wa alama za mwili. Mwezi Julai maelfu ya wakazi wa Nairobi walipiga foleni katika Jumba la KICC ili mradi wa Worldcoin uwapige picha za mboni za macho, nao wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, ikikataa ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo. Tofauti na kipande ni kubwa, maana hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki. Lakini mwenye njaa akiambiwa achague kati ya macho yake kuandikwa na kulala bila chakula, hiari yake ina kasoro ambayo mtafiti mwaminifu hawezi kuifumbia macho.

7. Sheria, na pingamizi moja

Nchi yetu haikosi sheria. Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 11 inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016, ingawa iliandikwa kwa kufikiria maarifa yanayorithishwa kizazi hadi kizazi. Vijana wa mtaa wanaobadilisha msamiati wao kila baada ya miaka michache hawaingii humo kwa urahisi. Wao si kabila na hawana baraza la wazee la kutia sahihi. Kwa upande wa taaluma, chama cha wanakompyuta cha ACM kilikuwa na kanuni za maadili tangu mwaka 1972, zikasahihishwa mwaka 2018, na mwaka 2020 mkutano wa NeurIPS uliwataka waandishi waeleze athari za kazi zao kwa jamii. Kwa hiyo mwandishi wa leo hawezi kusema kwamba hakuambiwa.

Iko pingamizi ambayo ni lazima ijibiwe kwa haki. Wako wenzetu wanaosema kuwa masharti mengi yataiacha Sheng nje ya mashine, na asiyekuwepo na lake halipo. Mashine isiyojua Sheng itamtenga mgonjwa wa Mathare anayeuliza habari za dawa kwa simu, na itamhukumu kijana wa Umoja kwa neno isilolielewa. Pingamizi hii ina uzito. Kimya nacho kinadhuru, na tumekwisha kuona kwamba kosa la kuchuja lilitokana na uhaba wa watu wanaoijua lugha, wala si na wingi wao. Lakini pingamizi hiyo inatetea kuandikwa. Haitetei kuandikwa bila kuulizwa. Aliyesema kuwa haja ni ya haraka, na kwa hiyo mwenye neno asisubiriwe, ametoa hoja ambayo hata afisa wa mwaka 1919 angeweza kuitoa.

8. Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne kwa idara zinazotuma wanafunzi Eastlands na mitaa mingine, na kwa majarida yanayochapisha kazi zao.

Kwanza, ridhaa itolewe kwa usemi, katika lugha ya mtoaji, nayo ihifadhiwe pamoja na data. Mtoaji aambiwe waziwazi kama sauti yake itaweza kunakiliwa na mtu yeyote, na kwamba baada ya hapo haitarudi.

Pili, jina liulizwe. Mitaa ina desturi yake ya majina ya mtaani, ambayo mtu hujichagulia au hupewa na wenzake. Kumtaja msemaji kwa jina hilo, kwa mtaa wake na kwa mwaka, akitaka, kunampa heshima bila kumfichua kwa wageni. Asiyetaka, asitajwe, lakini uamuzi uwe wake.

Tatu, hitilafu za maana zisifutwe kwa kura. Pale ambapo wasomaji wamehitilafiana, alama zote zihifadhiwe, pamoja na maelezo ya aliyezitia ametoka wapi. Na watia alama watajwe katika makala kama tunavyowataja wasaidizi wa maabara, na ujira wao uelezwe.

Nne, kilichokusanywa kirudi. Eastlands ina maktaba zake za umma, ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan. Nakala ya kila kamusi, kila tasnifu na kila mkusanyo wa usemi uliotoka mitaa hiyo ingewekwa humo, ambamo aliyesema anaweza kuingia, akasoma alichoandikiwa na kukisahihisha.

Pendekezo la nne ndilo jepesi kwa gharama na ndilo zito kwa maana. Kipande hakikusahihishwa kamwe na aliyekibeba. Itakuwa aibu kwa taaluma yetu ikiwa kamusi na data tunazoziandika leo, kwa vyombo bora kuliko vya karani wa mwaka 1920, zitaendelea kumnyima msemaji nafasi hiyo. Tunawaomba wenzetu waongeze, wapinge au warekebishe mapendekezo haya, hasa wale waliolelewa katika mitaa tuliyoitaja.